Kiboko Anayejikuna Sikio

"Huyu kiboko ni nani?" nilimuuliza mwandishi. Kazi yangu ni kusoma vitabu kabla havijachapwa, nikatae vinavyowasema wakubwa.

"Kiboko tu, kaka. Hadithi ya watoto."

Kiboko tu! Kiboko huyo alitawala ziwa zima, na kila alipowadanganya wanyama wenzake alijikuna nyuma ya sikio la kushoto. Mtu wa namna hiyo namjua mmoja tu, na ofisi yake imepakana na yangu. Mwandishi hajawahi kumtia machoni.

"Umemtoa wapi?" Hapo sikuuliza kwa ajili ya kazi tena. Nilitaka kujua.

"Ni baba mkwe wangu huyo," akanong'ona.

Kabla sijacheka, mkubwa wangu akaingia, akauchukua mswada, akausoma palepale amesimama. Nikangoja aurarue. Kumbe yeye akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu namjua! Si waziri wetu huyu?"

Mwandishi akainamisha kichwa.

"Usiogope, dada," mkubwa akamwambia. "Hapa kwetu hatuzuii kitabu cha mtu."

Mkono wake ulikuwa umeshapanda. Ulipofika nyuma ya sikio la kushoto, ukasimama.