Kadi Nyekundu ya Sebuleni

Kadi ya mlangoni iligeuzwa nyekundu katikati ya kipindi cha pili, Mjomba akalazimika kuacha kumtukana refa na kuipiga meza.

Masharti aliyajua. Dada yake alimweleza kabla ya kwenda hospitali kwa vipimo. "Mwanangu ana usonji. Hana ukorofi, ila kelele humzidi. Kadi ikiwa nyekundu, ujue kuna mtu amefurika. Zima sauti, funga pazia, usiulize maswali. Subiri irudi kijani."

Jumatatu dada angelazwa kwa upasuaji, wiki nzima. Leo yalikuwa majaribio. Mjomba akishindwa, mtoto angepelekwa kwa watu asiowajua, na jambo hilo lilimnyima Mjomba usingizi. Sifa zake za ulezi zilikuwa haba. Hata paka wake alikuwa amehamia kwa jirani.

Akazima televisheni, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja. Akafunga pazia, akavua viatu, akaketi sakafuni, ametulia kama maji mtungini.

Mpwa wake wa miaka tisa alikuwa akipanga vifungo vya nguo kwa rangi, uso mkavu. Moto wa pumba huo, Mjomba akawaza, unaunguza chini kwa chini.

Mtoto akamletea mto mzito, ule wa kutuliza. Mjomba akadhani anaombwa amshikie, akaukumbatia. Akaletewa maji. Akadhani anaombwa ayaonje kwanza, akayanywa yote. Kisha mtoto akakaa mbele yake, akaanza kuvuta pumzi taratibu, naye akamfuatisha ili asimwache mpweke.

Hatimaye kadi ikarudi kijani. Machozi yalimlengalenga Mjomba. Yeye, aliyekimbiwa na paka, ameweza.

Dada aliporudi alimkuta kichwa kimemvimba.

"Alifurika kidogo, Dada, nikamtuliza. Wala si kazi ngumu, ni kipaji tu."

Dada akamgeukia bintiye. "Ulifurika, mwanangu?"

"Hapana. Mjomba ndiye alifurika. Nikageuza kadi. Sasa ametulia."

Mjomba akafungua mdomo ajitetee, lakini dada yake alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mtoto, akimuuliza kwa sauti ya chini, "Wiki nzima utamweza?"