Ruhusa ya Mgeni

Siku hizi kila mlango hufunguliwa kwa ukurasa wa mtandao tu, na Bi Mwanakheri alikuwa amekwama chooni tangu asubuhi. Mumewe, Mzee Shekue, alibonyeza "Fungua" mpaka kidole kikamuuma. Ukurasa haukutoa hata ujumbe wa kosa. Alipochoka kubahatisha, akaongeza mstari kwenye skripti, yaani maagizo yanayouendesha ukurasa, ili uonyeshe amri inaendeshwa kwa jina la nani.

"Mgeni," ukurasa ukajibu.

"Mama Saumu," akamwambia mkewe, "kumbe humu ndani mimi ni mgeni, na mgeni hana ruhusa ya mlango."

"Basi mpe ruhusa, mwanamume wewe! Miguu imekufa ganzi."

Akampa mgeni ruhusa. Mlango ukafunguka, mkewe akatoka akicheka. Mzee hakuinuka; macho yake yalibaki kwenye neno "Mgeni". Yeyote atakayeufungua ukurasa ule, popote alipo, naye ataitwa mgeni, na mlango utamfungukia.