Pilau ya Shomari

Sasa huyu Shomari, bwana, mtu mzima na mvi zake, siku hiyo alikuwa anaogopa mfuniko wa sufuria. Anaoza binti, uani watu wamejaa, na pilau kaipika mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki. Na pilau ya baba yake, mji mzima ulikuwa unasema, haikuungua hata siku moja. Hii imeungua. Harufu yote hiyo.

"Funua basi, watu wana njaa," akasema shangazi yake, Bi Zamoyoni.

"Shangazi, nimemwaibisha baba."

Bi kizee akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Kaka yangu? Yule kila shughuli alikuwa anaunguza! Anapakua ya juu, ukoko ananiita mimi niumalize nyuma ya jiko, watu wasiuone. Wewe unadhani meno haya yameng'oka kwa uzee?"

Shomari akamkodolea macho. Halafu akashusha pumzi, ndefu hiyo, akaondoa makaa juu ya mfuniko, akafunua. Mvuke ukapanda ukammeza mzima mzima, ikawa inasikika sauti yake tu mle ndani, anacheka, anaita, "Leteni masinia! Leteni masinia jamani!"