Mashavu Kama Maboga

Mzee Shaame alikuwa amekwisha kuitukana safu nzima ya mbele ya tarumbeta ndipo alipoona kwamba wanampigia makofi.

"Umewaambia nini?" akamgeukia binti yake.

"Nimewafasiria ulivyosema, baba," Hamdiya akajibu.

"Mwongo we! Mie nimesema hivi:

*Mashavu kama maboga,*
*mdundo wa kukoroga,*
*sauti ya punda mwoga,*
*beni gani hii beni!*

Mtu akiambiwa hayo hukenua meno?"

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wa mtaa tu, hapo bustanini Alief, Houston: daktari wa meno, wauza nyumba wawili, mwalimu mstaafu wa hesabu, na wengineo ambao Mungu hakuwakusudia wapulize chochote zaidi ya chai ya moto. Walikosea kuingia, walikosea kutoka, na katikati walipotea. Lakini Marekani haikuulizi kama unajua. Inakuuliza kama unaonekana. Likifunguliwa duka la matairi, wao. Gwaride la mji, wao, mbele ya magari ya zimamoto. Sura zao zimebandikwa mpaka kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo, na televisheni imewaita hazina ya Houston. Hazina! Hazina ya nani, na nani kaipoteza?

Shaame hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka siku waliyosoma maulidi uani, dufu mbili tu, mchana kweupe, na jirani akaita polisi. Polisi haohao kila Jumamosi husimamisha magari ili daktari wa meno apite na lidude lake la shaba shingoni. Dufu ni kelele. Punda wa shaba ni utamaduni.

Na wanajiona wao ndio waliovumbua tarumbeta! Kwao Ng'ambo, Unguja, babu yake alipuliza tarumbeta iliyozibwa matundu kwa nta, na watu wakaacha vyungu motoni kumfuata. Huko bendi huitwa beni, na beni mbili zikikutana njiani zilirushiana beti za matusi mpaka sauti zikauke. Asiye kitu hakurushiwa beti. Alipitwa kama kigingi.

Basi kila Jumamosi Shaame alivaa kofia yake ya viua, akaenda bustanini kutukana. Na kila Jumamosi Hamdiya, hajalala tangu atoke zamu hospitali, alimfasiria Joyceline, kiongozi wa bendi, kwa Kiingereza kirefu kuliko beti zenyewe. Joyceline alicheka mpaka akajishika kiuno, kisha akainama kama mbele ya mfalme.

Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuua mzee. Teksi ameendesha mpaka mgongo ukapinda, kodi amelipa, jino lake la mwisho la mbele linatikisika akinywa hata maji. Na bado anazeekea mahali ambapo hata ukimtukana mtu, hakuna wa kukujibu.

"Unawatilia sukari," alimwambia binti yake garini siku ile, wakirudi nyumbani. "Unawaambia nawaombea dua."

"Baba, wallahi nimesema yote. Hata la punda."

"Na wakacheka?"

"Wakacheka. Wakaniuliza mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Mambo tu, baba. Funga mkanda."

"Basi nimekoma," Shaame akasema. "Siendi tena. Mtu akilia kisimani, huitikiwa na kisima. Hawa hata kisima si."

Jumamosi iliyofuata akabaki ndani, mapazia yamefungwa. Hakuvaa kofia, wala hakugusa chai. Hamdiya aliondoka asubuhi bila kusema aendako.

Adhuhuri mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Mado, jirani wa chini, Mkongomani, kitambaa kimemteremka kichwani.

"Papa Shaame, toka! Bamekuja kukukamata! Nilikuambia uache kutukana watu!"

Mzee akachungulia. Chini, kwenye maegesho, gari la polisi lilikuwa linawaka taa, na nyuma yake bendi nzima imejipanga, shaba inang'aa. Kumbe masikio wanayo, ila wamempelekea serikali ijibu badala yao. Ndivyo walivyo. Halafu akamwona Hamdiya, amesimama upande wao, bega kwa bega na Joyceline.

Hilo lilimchoma.

Akavaa kanzu, akaiweka kofia yake sawa. Mtu akikamatwa na akamatwe amevaa. Akashuka ngazi, mkono ukutani, majirani wamemwinulia simu usoni.

Polisi aliteremka garini, akazuia magari yasiingie, akasogea pembeni. Joyceline akapiga hatua mbele, akamnyooshea mzee kidole puani. Ngoma ikanyamaza. Kisha daktari wa meno, wauza nyumba, mwalimu wa hesabu na ukoo wao wote wakafumbua vinywa, kwa Kiswahili kilichovunjika kila kiungo:

*Mzee mwenye kelele,*
*jino moja liko mbele,*
*latikisika milele,*
*tarumbeta huiwezi!*

Mado akajiziba mdomo.

Mzee Shaame akamtazama Hamdiya. Hamdiya akatazama viatu vyake.

"Ngojeni hapo hapo, maboga nyie," mzee akasema, machozi yamemfika kidevuni. "Asiondoke mtu. Sasa zamu yangu."