Punguza Maiki, Mwalimu

"Punguza maiki, Mwalimu. Sauti yako inavunjika."

Mwalimu Silvanus aliikodolea macho redio ya mawasiliano ya garini kana kwamba imemtemea mate. Inavunjika? Sauti yake yeye? Mtu aliyewarekebishia maiki wanachama wote wa klabu ya redio Karatu, mmoja mmoja, kwa mkono wake!

Gari lake lilikuwa limetumbukia kwa pua kwenye korongo, mahali fulani chini ya barabara ya ukingo wa kreta. Mahali gani hasa, hakujua. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu tangu saa nane mchana. Usukani ulikuwa umembana mapaja. Miguu hakuisikia tena, na baridi ilishampanda mpaka kifuani. Alijua fika kwamba akisinzia, ndio basi.

"Scholastika, nimekwama! Nimebanwa na usukani. Waite watu!"

"Napata vipande tu. Maiki iko juu mno."

Akazungusha kitufe cha nguvu ya maiki, akaishusha kidogo, vidole vikiwa vigumu kama kuni. "Na sasa?"

"Sasa iko chini. Hesabu mpaka ishirini."

Akahesabu huku moyo unamchemka. Huyu Scholastika, binti muuza mbegu, amemfundisha redio mwenyewe miaka miwili, na leo roho ya mwalimu wake iko mikononi mwake, hata kumsikia anashindwa! Akapandisha. Akashusha. Akarudisha palepale ilipokuwa mwanzo.

Usingizi ukaanza kumnyemelea, mtamu kweli. Kidevu kikagusa kifua.

"Mwalimu! Bado kuna mikwaruzo."

Akazinduka. "Mikwaruzo? Kwenye sauti ya dijitali? Nilikufundisha nini, wewe? Dijitali haina mikwaruzo! Maiki ikizidi, sauti inakatikakatika, unasikika kama mtu anayesukutua maji kooni! Jamani, nakufa mikononi mwa mjinga!"

"Rudia hayo, Mwalimu. Yote, taratibu."

Akarudia. Kwa saa nzima na ushei alirudia, akafundisha, akafoka, akatukana hata wasiohusika. Mwisho machozi yakamtoka, kwa uchungu wa kufa bila kusikika na mtu.

Kioo kikagongwa.

Ni Moloimet, askari wa hifadhi na mwanachama mwenzao, ameshika antena ya kutafutia redio inakotoka sauti. Nyuma yake walisimama wanaume wanne na kamba.

"Pole sana, mzee. Tumeifuata sauti yako tangu getini."

"Sauti gani?" Silvanus alilia. "Si imevunjika yote!"

"Imevunjika wapi?" Moloimet akachomeka mtaimbo kwenye mlango. "Dada Scholastika anasema ilikuwa safi tangu neno la kwanza. Ila alijua ukisifiwa tu, utanyamaza ulale."