Ua wa Mikole

Miaka miwili Sikudhani na wenzake walijitolea kupanda ua wa vichaka vya mikole na mikwamba kuzunguka uwanja, ndege wapate matunda na pa kutagia. Leo mgeni rasmi anakuja kuuzindua ua huo. Sikudhani alipofika asubuhi akakuta peupe kama kiganja, ua umefyekwa wote.

"Usafi, dada yangu," alisema Mwenyekiti Mbaruku, panga likiwa mkononi. "Mgeni rasmi atukute kwenye pori?"

"Mwenyekiti, pori ndilo anakuja kulizindua."

Mbaruku akavitazama visiki, akakuna kichwa. "Si ungesema mapema?"

"Nimesema miaka miwili."

Gari la mgeni likapiga honi. Mbaruku akafunga utepe haraka kwenye visiki viwili, ukawa chini ya magoti. Chiriku mmoja akaja na unyasi mdomoni, akazunguka, akazunguka tena, kisha akatua juu ya utepe.