Kibao Kilichotoa Pole

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Asubuhi ya baridi mjini Babati. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Kwaraa hadi kwenye mabati ya nyumba, na manyunyu hayakutaka kuacha.

Konstantini alishika usukani wa lori la Fuso kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Rozari ilining'inia mbele yake. Tangu Jumatatu hakuwa amelala vizuri, na tangu Jumatatu alikuwa akizunguka njia ya mashambani ili asiipite kona ya Sigino. Leo njia ya mashambani ilikuwa tope tupu.

Pembeni yake alikaa mzee Kuyioni, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeomba lifti mjini. Mzee alipenda kusoma vibao vya barabarani.

"Dereva, kule Kiteto nimeona kibao cha ng'ombe wa miguu mitano. Nikauliza, huo wa tano ni wa nini? Wakaniambia mchoraji hajawahi kufuga."

Konstantini hakucheka.

"Kuna kingine kimeandikwa MATUTA MBELE, lakini tuta lenyewe liko nyuma ya kibao. Unakisoma wakati kichwa kimeshagonga bati."

"Nakusikia, mzee."

Kona ikatokea kwenye ukungu. Kushoto kwa barabara, juu ya nguzo, ulipigiliwa mlango wa kabati la nguo uliopakwa rangi nyeupe. Juu yake ulichorwa mkono mwekundu wenye vidole sita, kiganja kikitazama magari. Chini ya mkono kulikuwa na neno moja kwa herufi nyeusi: POLE.

"Hee!" mzee akasema. "Pole ya nini tena? Pamefiwa hapa?"

Konstantini alikwepesha macho yasikione kile kibao.

Jumatatu alfajiri ukungu ulikuwa mzito kuliko huu. Ilikuwa safari yake ya kwanza njia hii, naye alikuwa anakimbiza gari. Kitu cheupe kilitokea ghafla upande wa kushoto. Kikasikika kishindo kikavu, kisha kile cheupe kikalala mtaroni. Kina mama wengi huenda misa ya alfajiri wamejifunika shuka jeupe mabegani. Konstantini alilijua hilo, kwa sababu mkewe Joyce alikuwa mmoja wao. Hata hivyo hakusimama. Alianza kusali huku gari likienda, akaona aibu kuimaliza sala.

Sasa, hatua chache baada ya kibao, aliona watu uani kwa mtu, karibu kabisa na barabara. Wanaume walikuwa na sururu na majembe. Kando yao palikuwa na lundo la udongo mbichi. Juu ya mabenchi mawili kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kitenge, na mama mmoja alisimama upande wa kichwani akifuta vidole kwa kitambaa.

"Kumbe ni msiba kweli," Kuyioni akasema, akivua kofia. "Simama, dereva. Hatuwezi kupita hivi hivi. Tuwape pole."

Mguu wa Konstantini ulikuwa juu ya pedali ya mafuta. Akikanyaga tu, ukungu ungemficha kama ulivyomficha siku ile. Akaitazama rozari. Safari hii aliimaliza sala. Akasimamisha gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Pole sana, mama."

"Asante. Tumeshapoa."

"Ilikuwa... Jumatatu?"

"Jumatatu alfajiri. Lori lilipita kama halina mwenyewe! Jumapili padri ametubarikia vizuri, watu wote wapo, Jumatatu hatuna." Mama akatikisa kichwa. "Na dereva hakugeuka hata kutazama."

Mwanamume mwenye sururu akainua uso. Alikuwa Apolinary, mwenyekiti wa mtaa. "Tukimpata, Mama Jovin, shimo hili atalichimba yeye."

Konstantini akapiga magoti kwenye tope.

"Ni mimi," akasema. "Mungu ananiona. Niligonga, nikakimbia. Sikumwona, mama. Nisameheni."

Apolinary akaja na sururu yake mkononi, akasimama juu ya kichwa chake. Mzee Kuyioni aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena.

"Hukumwona nani?" Mama Jovin akauliza.

"Marehemu. Iteni polisi, sitakimbia tena. Na kama ameacha watoto, nitawalea na wangu."

Mama alimtazama. Akamtazama Apolinary. Kisha akashika pindo la kitenge, akakivuta.

Ulikuwa mlango wa pili wa lile kabati, ukisubiri kusimikwa tena hatua chache baada ya mwenzake. Ulikuwa umepasuka katikati, ukaungwa kwa misumari mipya na kupakwa rangi upya. Mkono mwekundu wa vidole sita, na chini yake herufi nyeusi: POLE.

Konstantini aliinamisha paji la uso mpaka likagusa udongo.

"Inuka, mwanangu," Apolinary akasema, akimkabidhi sururu. "Lakini kwanza sema, mbele ya hawa wote wasikie. Kuanzia leo utapitaje hapa?"

Konstantini aliinuka. Kule barabarani, kibao kilichobaki kilimtazama.

"Nitapita pole," akasema.

Mama Jovin aliubeba ule mlango wa pili, akausimamisha mbele ya kifua chake ili Konstantini ausome.

"Malizia, baba."

"Pole."